Upande wa Kushoto wa Ndege

Binti yangu aliporudi chuoni Dar es Salaam kuanza mwaka wake wa mwisho, aliiacha ndege yake dukani kwangu Tunduma. Nasema ndege, lakini ilikuwa mchoro ndani ya kompyuta, ile ya mezani ninayochapia barua za watu na risala za harusi. Likizo nzima alikuwa anaichora. Yeye kwenye kiti changu, mimi kwenye stuli ya wateja, wateja wamesimama. Siku alipoondoka nilirudi kwenye kiti nikakuta amekisogeza mbali na meza, maana ana miguu mirefu kama ya baba yake. Nilikaa hivyo hivyo mbali kwa siku kadhaa, nachapa mikono imenyooka, sitaki kukisogeza.

Kubaki peke yangu nilikuwa nimekuzoea. Baba yake alikuwa dereva wa maroli ya kwenda Zambia, na safari moja ilimchukua akabaki huko upande wa migodini, akaanza nyumba nyingine. Hajafa. Namwombea mpaka leo. Mtoto ni huyo mmoja tu, kwa hiyo alipokwenda shule ya bweni, halafu chuo, nyumba ilibaki na mimi. Nikajifunza kusonga ugali wa sufuria ndogo, ile ya kuchemshia maziwa. Jioni nasikia maroli yaliyopanga foleni kungoja mpaka, injini zinanguruma, na mimi ndani naongea na Mungu kwa sauti, kwa sababu bila hivyo siku nzima nisingesikia sauti yangu ikisema kitu kingine zaidi ya "kopi ngapi?"

Kabla ya kompyuta nilikuwa fundi cherehani. Nimezaliwa Ihanda, nikaishia darasa la saba, nikaolewa Tunduma na cherehani yangu. Miaka ile mtu akitaka gauni la Pasaka anakuja na kitambaa chake, unampima, mnacheka, anakuja tena kujaribisha, mnacheka tena. Halafu mipaka ikalegezwa, biashara ikafunguka, marobota ya mitumba yakaanza kushushwa karibu na mlango wangu. Watu walikuwa wanapata gauni zima kwa bei ya vifungo vyangu. Sikuwalaumu, hata mimi nilinunua. Mwisho nikabaki kupunguza suruali na kubadilisha zipu.

Ndipo nikaanza kusoma jioni. Sekondari yote nimeisoma jioni, kwenye madawati ya shule ya msingi, magoti yanagonga mbao, mtoto namwacha kwa mama wa jirani. Kompyuta nayo jioni. Nilivyopata cheti nikauza cherehani mbili, nikabakiza moja, nikanunua kompyuta na mashine ya kopi. Ile cherehani iliyobaki nikaiweka kona ya duka na kuifunika kitambaa.

Ndege yenyewe ilitokana na safari ya Ivuna. Kule wanakochemsha chumvi ameolewa mama yangu mdogo, na binti alipokuwa kidato cha pili tulikwenda kumwona. Ilikuwa masika. Wakati wa kurudi, mto ulikuwa umejaa, tukakaa upande wa pili na watu wengine kungoja maji yapungue. Palikuwa na mkokoteni wa ng'ombe, juu yake mama mmoja wa wafugaji, mjamzito, amelala ubavu, mume wake amemshikia mwavuli. Hakulia. Alikuwa anauma ncha ya kanga. Maji yalipopungua walimvusha, na sisi tukapita njia yetu, sijui alijifungulia wapi. Tulipofika nyumbani, binti yangu alipokuwa anavua viatu akaniuliza kwa nini hakuna ndege ndogo ya kwenda kule. Nikamjibu ndege ni za watu wa Dar. Hakulipenda jibu langu, na akaendelea kutolipenda mpaka akaingia chuo cha kusomea ndege.

Kwa hiyo mwaka wa mwisho, walipoambiwa kila mmoja abuni ndege yake, yeye alishajua. Ndege fupi, mabawa juu ya bodi ili majani marefu yasiyafikie, mlango mpana wa ubavuni wa kuingiza kitanda cha mgonjwa. Aliichora kwa programu ya bure aliyoletewa na mwenzake, programu ya ndege ambazo bado ni wazo tu. Humo huchori mistari. Unaiambia bawa liwe na urefu huu, upana huu, mkia ukae hapa, na yenyewe inakutengenezea. Ukibadilisha namba, bawa linarefuka mbele ya macho yako. Nilipenda sana kuangalia. Kuna siku aliniachia mausi nikarefusha pua mpaka ikawa kama ya mbu, tukacheka mpaka mteja akauliza kama tumefunga duka.

Shida ni kwamba chuoni walitumia programu nyingine, kubwa, ya kulipia, iliyofungwa kwenye mashine za maabara yao tu. Hiyo ndiyo inayopima: ndege ina uzito gani, itabeba nini, itapinda wapi. Mwalimu wake hakutaka picha. Alitaka ndege ifunguke kwenye programu ile na ipimwe mbele yake, mwisho Ijumaa ya mwisho ya mwezi. Isipopimika, binti anarudia mwaka, na huo mwaka wa kurudia tulikuwa hatuna wa kumsomesha. Hakuwa na kompyuta yake mwenyewe. Mashine za chuo ziliwekewa marufuku, huwezi kuingizia programu ya nje. Kwa hiyo mahali pekee ambapo ile ndege ilikuwa inafunguka yenyewe, nzima, na namba zake zote, ni kwenye kompyuta yangu Tunduma. Kila alichotaka kihamishwe, ilibidi nikihamishe mimi.

Nakala ya kwanza alikwenda nayo mwenyewe kwenye flashi. Siku ya tatu akanipigia.

"Mama, umekaa?"

Nikamwambia nimekaa.

"Ndege yetu imefika kama harage."

Nilidhani ananitania. Kumbe ni kweli. Programu yetu ilikuwa inahesabu kwa mita, ile ya chuo kwa milimita, na faili lilikuwa limebeba namba peke yake bila kusema ni namba za nini. Ndege ya mita kumi na moja ikafunguka ikiwa na milimita kumi na moja. Wenzake walikuwa wanaitafuta kwenye kioo kwa kidole. Nikamwambia si uikuze. Akasema ameikuza, ila baada ya kuikuza ameona ni vipande vya pembe tatu vimeunganishwa kama mpira wa makaratasi, na mwalimu amesema hiyo ni ngozi tu, haina nyama. Ilibidi itolewe kwa aina nyingine ya faili, inayobeba mikunjo yenyewe. Akanielekeza kwa simu: bonyeza hapa, shuka chini, chagua ya nne, hapo pa vipimo weka milimita.

Kutuma nako kulikuwa kazi. Tunduma ukichomeka modemu, wakati mwingine inakamata mtandao wa Zambia, bando linaliwa lote na barua pepe haijaenda. Nilichogundua ni kwamba kwenye stoo, nyuma ya maboksi ya karatasi, ukuta wa upande wa Zambia unazuia kidogo. Nikanunua waya mrefu nikaivusha modemu mpaka kule. Na alfajiri ndiyo mtandao mwepesi. Kwa hiyo nikawa naamka, nasali, nakwenda dukani kabla ya watu, napiga magoti stoo na kuishikilia modemu ukutani, huku jicho moja liko kwenye kioo cha kompyuta kupitia mlangoni. Mwenzangu wa kikundi cha akina mama kanisani, anayeuza vitenge mlango wa pili, alinikuta hivyo asubuhi moja akadhani nimezidiwa na maombi. Nilipomweleza, akakaa kwenye stuli.

"Sasa mama, hiyo ndege ikikamilika," akasema, "ipitie Nakonde itubebee sukari. Kule juu hakuna mtu wa ushuru."

Nakonde ni ng'ambo tu ya mpaka, Zambia. Akawa ananiuliza kila siku kama sukari imefika.

Siku hizo binti alikuwa ananipigia kila jioni. Kabla ya hapo tulikuwa tunaongea Jumapili tu, baada ya ibada, dakika chache: hujambo, umekula, Mungu akubariki. Sasa ilikuwa kila siku, na sauti yake inakimbia. Hata kusalimiana tulikuwa tunaruka. Mama, umefungua? Mama, unaona sehemu imeandikwa mkia? Mama, usibonyeze kwanza. Nilikuwa naomba tatizo liishe, naomba kwa kufunga, na saa kumi na mbili jioni ikifika naweka simu mezani mahali ninapoiona.

Faili la pili lilifika saizi yake, na nyama yake, lakini lilikuwa nusu. Mimi mwenyewe niliona kabla hajapiga. Niliifungua ile nakala dukani kuikagua nikakuta bawa moja, nusu ya pua, nusu ya mkia, kama iliyopasuliwa katikati kwa wembe. Dereva mmoja Mzambia aliyekuwa anangoja kopi za karatasi zake za mzigo akaegemea kaunta kuangalia.

"Bamayo," akaniambia, ndiyo "mama" kwa heshima yao, "huyo samaki, upande wa pili wamekula wengine?"

Jioni binti akanieleza. Alikuwa amechora upande wa kulia tu. Ndiyo desturi yao, ndege pande zote ni sawa, kwa nini uchore mara mbili. Upande wa kushoto programu ilikuwa inautoa kama kwenye kioo cha kujitazamia, na tulipokuwa tunahamisha faili, kile kioo kilibaki nyumbani.

Hapo nikafurahi, kwa sababu nilielewa. Nikamwambia hiyo ndiyo kukata gauni. Unakunja kitambaa katikati, unakata upande mmoja, ukikunjua unapata wote wawili. Akasema, "Eeh mama, ndio hivyo hivyo." Katika yote tuliyoongea mwezi ule, hilo ndilo nililokwenda nalo kulala. Kwamba kuna kitu cha kwake nimekielewa bila kuelekezwa.

Akaniagiza nitengeneze nusu nyingine. Nichukue nakala ya ule wa kulia, niigeuze, niiweke kushoto, niziunganishe katikati, nihifadhi zote kama kitu kimoja, nitume. Hiyo niliifanya taratibu, Jumamosi, duka nimelifunga mapema. Nakala niliipata. Kuigeuza nikaweza. Ikaja kukaa mahali pake, nusu mbili zimetazamana, kingo zimegusana sawasawa kwenye mstari wa katikati. Nikaziangalia. Miaka karibu ishirini nimeunganisha pande mbili za nguo, na hakuna siku nimeziweka kingo kwa kingo. Nguo ya hivyo ukiinua mkono inaachia. Kila upande unauachia nafasi ya mshono, sentimita moja na nusu, ndipo unashona. Programu ile ina sehemu ya kuandika namba za kusogeza kitu. Nikaandika. Upande wa kushoto ukaingia kidogo ndani ya upande wa kulia, ukashika. Nikaona sasa imekaa vizuri. Sikumwambia, kama ambavyo huwezi kumpigia mtu simu kumwambia mboga umeitia chumvi.

Jumatatu akanitumia ujumbe kutoka maabara kwamba ndege imefunguka nzima, saizi yake, mabawa mawili, na wenzake wamesimama nyuma yake wanaiangalia. Mwishoni akaandika kwamba mimi ndio injinia wa Tunduma. Niliusoma ule ujumbe kwa mama wa vitenge, naye akasema basi sukari Ijumaa.

Jumanne hakupiga. Nikasema ana kazi. Jumatano nikapiga mimi, simu inaita mpaka inakata. Nikapiga tena mchana, imezimwa. Jioni nilikwenda kwenye maombi ya katikati ya wiki, na walipouliza mwenye haja asimame, nikasimama, halafu nikashindwa niiseme vipi. Ningesema nini? Kwamba binti yangu amenyamaza siku mbili? Pale walikuwepo akina mama ambao wana watoto hawajasikika miaka. Nikaomba tu waniombee safari, wakaniombea safari, na mimi sikuwa nakwenda popote.

Nilirudi nyumbani nikakaa bila kuwasha redio. Kinachochosha katika kukaa peke yako si kukosa mtu wa kuongea. Kinachochosha ni kwamba mtu akikunyamazia huna wa kukwambia kwamba ni kawaida. Unayabeba mwenyewe pande zote, la kuogopa na la kujituliza. Nilijiambia ameugua. Nikajiambia simu imeibiwa. Nikajiambia amepata watu wake wa kumsaidia, hanihitaji, ndivyo inavyotakiwa. Hilo la mwisho ndilo lililonifanya niamke nikaoshe vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Alhamisi, karibu saa sita mchana, akapiga. Sauti imekauka. Akaniambia nisisumbuke tena na kuamka alfajiri. Ndege imekataa kupimika. Kwa nje nzima, nzuri, lakini programu ikiambiwa iijaze ndani ipate uzito, inakataa. Siku mbili na nusu amekaa maabara anatafuta kosa lake. Amefuta mlango, amerudisha mlango. Ameanza kuamini mchoro wake wote ni wa kitoto. Kuna kijana darasani amekubali kumwingiza kwenye ndege yake yeye, kama msaidizi, na mwalimu akikubali huenda asirudie mwaka. Anatakiwa ampe mwalimu jibu kabla ya ofisi kufungwa.

"Na ya kwako?" nikamuuliza.

"Naiacha, mama."

Nikamuuliza tu ili asikate simu, kwamba programu inakataa kwa maneno gani. Akanitafsiria kwa kuchoka, kama mtu anayemwelezea mgonjwa dawa. Inasema kuna ukuta umeingia ndani ya ukuta, hapo katikati, kuanzia puani mpaka mkiani. Mstari mzima. Hajui umetoka wapi, kwa sababu hakuna alichochora pale.

"Mbona hiyo ni nafasi ya mshono," nikamwambia.

Nasikia watu wanaongea huko kwake.

"Nafasi ya nini?"

"Ya mshono. Niliachia sentimita moja na nusu. Au ilitakiwa zaidi?"

Akaongea polepole sana, sauti ya mtoto wangu anapojizuia asinivunjie heshima.

"Mama. Ndege haina mshono."

Nikaanza kumweleza kwamba kingo kwa kingo haziwezi kushika, nikasikia anacheka. Mwanzoni nilidhani analia. Alicheka mpaka mtu wa huko akamuuliza ana nini, naye akashindwa kusema. Nikangoja. Alipopata pumzi akanieleza, na sasa hakuwa amechoka tena. Kwenye kompyuta kitu kikigusana kimegusana, hakuna wa kukivuta. Programu inaamini. Ila ukikiingiza ndani ya chenzake, inaona vitu viwili mahali pamoja na haijui ihesabu kipi. Sentimita moja na nusu kwenye ndege ya mita kumi na moja haionekani kwa macho. Ndiyo maana hakuiona, na asingeiona mwaka mzima.

"Basi uirudishe wewe huko," nikamwambia.

Akasema huko haiwezekani, imeshaganda kuwa kitu kimoja. Lazima itoke tena nyumbani. Itoke sasa hivi.

Ilikuwa mchana, mtandao wa mchana. Nikaiweka simu kaunta bila kukata, nikafungua ile namba niliyoandika, nikaweka sifuri. Upande wa kushoto ukarudi mahali pake, kingo kwa kingo, na mkono wangu ulikuwa unakataa kuuacha hivyo. Nikahifadhi. Nikaenda stoo nikapiga magoti nyuma ya maboksi, modemu ukutani. Ule mstari wa bluu ukaanza kutambaa, ukafika nusu, modemu ikakamata Zambia, ukarudi mwanzo. Nikaanza tena. Wateja walikuwa wanagonga kaunta kwa sarafu. Nasikia mmoja anasema mwenye duka hayupo, mwingine anasema yupo, viatu vyake hivi hapa. Nilikuwa nasema na Mungu kwa Kinyiha, lugha ambayo hata binti yangu haijui vizuri, maneno ya mama yangu shambani Ihanda. Sijui kwa nini yalikuja hayo. Mstari ukapita nusu, ukakaa hapo kwa muda ambao nilidhani umekufa, halafu ukaisha wote kwa mkupuo.

Nikatoka stoo. Wateja walikuwa wameondoka, isipokuwa mama wa vitenge, amewauzia watu wawili kalamu na kuweka hela juu ya mashine ya kopi. Aliniangalia magoti yangu yalivyojaa vumbi, hakuuliza sukari.

Nikaichukua simu. Salio lake lilikuwa limekwisha, upande wa pili kimya.

Nikangoja mchana ule wote na jioni. Ijumaa nikafungua duka, nikachapa barua ya mtu anayeomba kazi ya ulinzi, nikaikosea jina mara mbili. Saa tano akapiga.

"Imejaa, mama," akasema. "Ina uzito."

"Kilo ngapi?"

Niliuliza kama mtu anavyoulizia mtoto aliyezaliwa usiku. Akanitajia, tani moja na kidogo, bila mizigo. Mwalimu alikuwepo, ameiangalia, ameizungusha, amesema bawa ni zito mno mizizini, pale linaposhikana na bodi, na alipunguze, na baada ya kusema hivyo akaandika alama. Hakurudia mwaka. Ile ndege ya kijana mwingine hakuiingia. Nikamwambia Mungu ni mwema, akasema ni mwema, na ghafla hatukuwa na kitu kingine cha kusema. Tulikuwa hatujazoea tena kuongea bila tatizo. Akaniuliza nimekula. Nikamwambia nimekula, ingawa nilikuwa sijala.

Simu za kila jioni ziliisha wiki ile. Hakuna aliyeamua. Kazi ya ndege ilikuwa imehamia kule kwenye programu kubwa, anapunguza bawa, anabadilisha mkia, na mimi sikuwa na cha kufungua. Tulirudi kwenye Jumapili. Mimi niliendelea kuamka alfajiri kwa mazoea, nikisali nakosa cha kukimbilia, nabaki nimepiga magoti mpaka kunapambazuka. Sijutii alfajiri zile. Kuna mambo mengi nimemwambia Mungu kipindi kile ambayo nisingepata nafasi ya kumwambia.

Alipomaliza chuo alipata mafunzo ya kazi mbali zaidi, mahali pa kufika kwa ndege, na siku ya kusafiri alinipigia akiwa uwanjani. Aliniambia amenitumia zawadi kwenye barua pepe. Ndege yake iliyokamilika, yenye marekebisho yote, aliyoitetea mbele ya walimu. Akasema, ni ya kwako pia, mama, nusu yake umetengeneza wewe.

Nilingoja wateja waishe. Nikaishusha, ilichukua muda, modemu stoo kama zamani. Faili likakaa kwenye kioo. Halikuwa na kale kapicha ka ndege nilikokazoea, lilikuwa karatasi nyeupe tupu yenye kona iliyokunjwa. Nikalibonyeza mara mbili. Kompyuta ikaniuliza nifungue kwa kutumia programu gani, ikanipangia zote nilizonazo: ya kuchapia barua, ya mahesabu, ya picha, ile ya bure ya ndege. Nikajaribu ile ya ndege kwanza. Ikasema hailijui. Nikajaribu ya picha. Nikajaribu hata ya kuchapia, ikanimwagia kurasa na kurasa za alama, vijiti na maswali, na katikati ya vile vijiti nikaliona jina la binti yangu limeandikwa sawasawa.

Nilifikiria kumwambia anitumie picha. Lakini alikuwa hewani saa hiyo, na alipofika kulikuwa na mambo ya baridi na chumba na watu wageni, na akaniuliza, umeiona, mama?

Nikamwambia nimeiona, ni nzuri.

"Bawa umeona nilivyolipunguza?"

"Nimeona," nikasema. "Sasa limekuwa jepesi."